Jeshi la nusu kwa nusu

Wanachuo wenzangu, tukitaja Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, tusisahau jeshi la Burundi. Jeshi la zamani lilishikwa na Watutsi. Mkataba ukataka kabila lolote lisizidi asilimia 50. Ndipo FDN ikaundwa mwaka 2004, waasi na wanajeshi wa zamani kambi moja. Jana wanawindana, leo wanapakua sufuria moja! Kwa hiyo tusibeze hesabu hiyo eti ni ukabila.

Lakini jaribio la mapinduzi la Mei 2015 liliongozwa na Jenerali Niyombare, Mhutu aliyetoka msituni na CNDD-FDD, chama cha rais mwenyewe. Jamani, nusu kwa nusu hutuliza makabila. Kuwatuliza wanasiasa kunataka katiba inayoheshimiwa, wakubwa wakiwa wa kwanza.