Bernadeta si jina la kizee



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Nangara, mtoto wa kike akizaliwa siku hizi jina hutafutwa kwenye simu. Majina waliyobatizwa nayo bibi zetu, kama Bernadeta, Genoveva, Klotilda na Blandina, yanaitwa ya kizee. Wapo wazazi wanaoyarudia, lakini kwa maandishi ya Kifaransa: Bernadette, Geneviève, Clotilde. Sisi tunaosoma falsafa seminarini tunaona jambo hili linastahili tafakari, kwa sababu mtoto hachagui jina lake, ila hulibeba maisha yote.

Majina haya yana historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie wakaelekea bara mwaka 1878. Walikuja na watakatifu wa kwao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Akishindwa, aongeze jina la mtakatifu kwenye lile la wazazi. Sheria ya sasa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Basi mzazi wa leo ana uhuru mpana.

Plato, katika Cratylus, anajadili kama jina hushikamana na kitu kwa asili au kwa mapatano ya watu. Kwa jina la ubatizo, sisi tunajibu kwamba ni mapatano, lakini yana mtu ndani yake: mtakatifu somo, anayemwombea mtoto na kumwonyesha njia. Jina likichaguliwa kwa mlio wake tu, mtu huyo husahaulika.

Wengine husema haya ni mabaki ya ukoloni. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, maana wapo walioambiwa kwamba jina la kabila lao halifai mbele ya Mungu. Lakini tumtazame Bernadeta mwenyewe. Mwaka 1858 huko Lourdes alikuwa binti wa miaka 14, hajui kusoma, na familia yake iliishi katika chumba kilichowahi kuwa gereza. Kifaransa hakukijua vizuri. Bikira Maria alisema naye kwa lugha ya nyumbani kwao. Blandina, aliyeuawa Lyon mwaka 177, alikuwa mtumwa. Hawa hawakumtawala mtu yeyote. Anayemwita binti yake Bernadeta, kisha akaona aibu kumsemesha Kigorowa au Kiiraqw, bado hajamfahamu Bernadeta.

Kwa wazazi tunashauri mambo matatu. Kwanza, someni maisha ya mtakatifu kabla ya kwenda ofisi ya parokia, na mtoto aijue siku ya somo wake; ya Bernadeta ni tarehe 16 Aprili. Pili, chagueni tahajia moja, na iwe hiyohiyo kwenye cheti cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa. Herufi mbili zikitofautiana, binti anaweza kuhangaikia hati ya kiapo siku anapohitaji shule au kazi. "Bernadeta" si kosa la mwandishi. Ndivyo Waswahili wanavyomwita. Tatu, jina la ukoo lisiachwe. Mtoto anaweza kuwa na la mtakatifu na la bibi mzaa baba au mzaa mama, yote mawili yakiitwa nyumbani bila aibu.

Na kabla ya kufungua simu, muulizeni bibi kwa nini aliitwa hivyo. Huenda jina mnalotafuta mbali limeketi jikoni kwenu.

Mtakatifu Bernadeta, utuombee.