Mugodi unalipa kwa siku, masomo yanadai kwa mwezi

Kanina, Kapata, Musonoi, mpaka Fungurume, mabishano katika nyumba ni yale yale: mtoto aendelee na masomo, ao asaidie kwanza nyumbani? Kuna wanaosema wazazi wa siku hizi hawapendi masomo. Kuna wanaosema Serikali imewadanganya watu kwa kusema masomo ni bure. Wengine wanasema hata ukisoma kazi hakuna. Kila wazo lina ukweli ndani yake, lakini hakuna linalogusa shida yenyewe. Familia nyingi za wachimbaji zinapenda masomo. Kinachozishinda ni kalenda. Mugodi unalipa kwa siku, masomo yanadai kwa mwezi na kwa trimestre, na kati ya hizo kalenda mbili ndipo mtoto anapotea.

Tuanze na mambo ya sasa. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, Serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya inchi. Ilisema miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Sababu ilijulikana: kobalti ilikuwa imejaa duniani, na bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa livre moja. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, mlango umefunguliwa nusu, kwa kipimo: tani 18 125 kwa siku zilizobakia za 2025, halafu tani 96 600 kwa mwaka, 2026 na 2027. ARECOMS ndiyo inagawa kipimo hicho kwa makampuni.

Kwa inchi yote, mpango ulileta matunda. Kufika mwisho wa 2025, bei ya kobalti duniani ilikuwa imezidi mara mbili. Lakini bei ya London haifiki Musompo jinsi ilivyo. Mnunuzi mwenye ruhusa ya kutoa kidogo hana haraka ya kununua mengi. Yeye ndiye anapima teneur, yeye ndiye anasema bei, na mchimbaji mwenye njaa hana nguvu ya kurudi na mifuko yake nyumbani. Ndiyo maana wengi waliacha kobalti na kutafuta shaba, na wengine walibaki wanangojea. Tumbo halingojei. Likianza kudai, kitu cha kwanza kinachokatwa katika nyumba si bukari wala pango la nyumba. Ni masomo, kwa sababu masomo hayapigi kelele siku ile ile.

Sasa tuangalie neno "bure". Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni bure katika shule za Serikali. Neno hilo lilianza kutendeka kweli mwezi wa tisa 2019. Si jambo dogo. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia darasani kwa wingi, na mpaka leo kuna madarasa ambamo mwalimu hawezi kupita kati ya mabenchi. Lakini "bure" ina mipaka yake. Uniforme si bure. Madaftari, viatu na begi si bure. Na mtoto akimaliza msingi, akiingia sekondari, mzazi anakutana tena na malipo: ya kila mwezi ao ya trimestre, na mwishoni ya Examen d'État.

Ndiyo maana utasikia mama anasema: "Banatuambia masomo ni bure, sasa mbona mutoto banamufukuza?" Mara nyingi mama huyo ana mtoto mmoja msingi na mwingine sekondari, na makuta yote yanatoka katika kitambaa kimoja. Kwake yeye hakuna "msingi" na "sekondari". Kuna nyumba moja. Watoto wengi wa Kolwezi hawaachi masomo wakiwa na miaka saba. Wanaacha wakiwa na 13, 14, pale ambapo "bure" inaishia na mikono inaanza kuwa na nguvu ya kubeba mfuko.

Wazo la pili linasikika zaidi kwa wababa: "Mutoto anasomaka miaka kumi na mbili, anatokaka, anakuya kutukuta palepale ku mugodi." Tusilikatae haraka. Kijana mwenye diploma anayeosha madini si hadithi, tunamwona kila siku. Na hata anayepata kazi katika kampuni kubwa, mara nyingi anaipata kupitia kampuni ya sous-traitance, kwa mkataba mfupi na mshahara usiofanana na wa yule anayefanya kazi pembeni yake. Sheria ya sous-traitance ya 2017 ilitaka kazi hizo ziende kwa makampuni ya Wakongomani. Haikumaanisha kwamba mfanyakazi wa chini atalipwa vizuri zaidi.

Lakini tuulize swali lingine: yule asiyesoma anaenda wapi? Kampuni kubwa za Lualaba hazichimbi kwa pau na nyundo. Zinahitaji mekaniki, fundi wa umeme, sudere, dereva wa mashine, mtu wa laboratware, mtu anayejua kusoma maandishi ya usalama kabla ya kugusa asidi. Pale mlangoni, karatasi ya kwanza inayoombwa ni diploma. Diploma haikupi kazi, hilo ni kweli. Lakini kukosa diploma kunakufungia milango kabla hujabisha hodi. Kwa hiyo shida si kusoma sana. Ni kusoma kitu ambacho mugodi hauhitaji. Watoto wengi wanamaliza pédagogie ao commerciale kwa sababu ndizo shule zilizo karibu na za bei ndogo, na shule za ufundi zenye vyombo vya kweli ni chache.

Hapa wazee wanaingia na wazo lao: "Wakati ya Gécamines tulikuwa bantu." Vijana wanacheka, lakini wazee wanasema jambo. Tangu siku za Union Minière, ambayo ilianza mwaka 1906, kampuni ilikuwa inabeba nyumba nzima ya mfanyakazi. Ilitoa nyumba, posho ya bunga, lupitalo, na shule kwa watoto. Gécamines iliendelea hivyo. Katika miaka ya 1980 ilikuwa bado inatoa tani zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na miaka iliyofuata kila kitu kilianguka nao. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitolewa kwa mpango ulioitwa "départ volontaire". Walipewa makuta mara moja, wakarudi nyumbani.

Tusisifu zamani bila kupima. Mfanyakazi wa kampuni hakuwa na neno kubwa la kusema, na aliyekosa kazi alikosa na nyumba. Lakini katika mpango ule, kampuni ndiyo iliyobeba mzigo wa kalenda. Bunga ilifika hata kama mwezi ulikuwa mbaya. Masomo ya mtoto hayakungoja baba apate madini yenye teneur nzuri. Leo makampuni yamerudi, malori yanapita usiku na mchana, lakini mzigo ule haukurudi kwao. Ulibaki nyumbani, na nyumbani maana yake ni kwa mama.

Mama ndiye anajua kalenda ya kweli ya Kolwezi, na kalenda hiyo ina majira mawili. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mashimo ni makavu, watu wanashuka, makuta yanazunguka. Mvua zikianza, mashimo yanajaa mayi, udongo unakuwa mzito, na kifo kinakuwa karibu. Mwezi wa sita 2019, katika eneo la KCC, udongo uliua watu karibu 40, na ile haikuwa hata wakati wa mvua. Mwezi wa 11 2025, huko Kalando, watu zaidi ya 30 walikufa daraja lilipoanguka, mahali ambapo walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua. Kila mmoja wao aliacha nyumba iliyokuwa inangoja bukari jioni ile.

Sasa tuweke kalenda ya masomo pembeni ya ile ya mugodi. Masomo yanaanza mwezi wa tisa, wakati makuta ya kiangazi yanaisha. Malipo yanayofuata yanakuja katikati ya mvua, wakati mashimo yamejaa mayi na bunga imepanda bei, maana sehemu kubwa ya bunga tunayokula inapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na kila shida ya barabara ao ya mpaka inafika kwenye sahani yetu. Hivyo mzazi anaombwa makuta mengi pale ambapo yeye ana machache. Mtu anayesema "wazazi hawapendi masomo" hajaweka kalenda hizi mbili pamoja.

Mtoto naye anaingia mugodini kwa mlango mdogo. Hakuna mzazi anayeamka asubuhi moja na kusema: leo unaacha masomo. Inaanza siku ya posho, mtoto anamsaidia mama kuosha madini. Kisha likizo. Kisha juma moja, kwa sababu amefukuzwa kwa malipo na hakuna haja ya kukaa bure nyumbani. Anarudi na franka zake mwenyewe. Akishaonja franka zake, darasa linakuwa na baridi. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 na Code minier vinakataza kazi hiyo, na mashimo hayajui umri. Lakini askari wa mugodi pekee hawezi kumaliza jambo ambalo lilianza siku mtoto alipofukuzwa darasani.

Basi tufanye nini? Kuna mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja Kinshasa.

La kwanza liko ndani ya nyumba. Tuchukue mfano tu. Familia ikiweka pembeni franka 2 000 kila siku nzuri, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, siku 24 kwa mwezi, inafika mwezi wa tisa na franka 192 000. Haimalizi yote, lakini inafungua mlango. Ugumu tunaujua: makuta yanayolala nyumbani yanaonekana na kila ndugu mwenye shida, na mchimbaji mara nyingi ana deni kwa yule aliyemlisha wakati wa kuchimba, kabla hajaona mnunuzi. Ndiyo sababu likelemba ni bora kuliko sanduku. Wamama wa avenue moja wanaweza kupanga likelemba ya masomo, ambayo zamu zake zinaanguka mwezi wa nane na mwezi wa kwanza, na inalipwa katika kiangazi. Kidole kimoja hakiui chawa. Na mwanaume anayetoka Musompo na makuta, akipita kwanza nyumbani kabla ya nganda, hapunguzi heshima yake.

La pili liko masomoni. Kila shule ina kamati ya wazazi, COPA. Mara nyingi wazazi wanaikumbuka siku ya malalamiko tu. COPA inaweza kuomba shule za sekondari zipokee malipo kidogo kidogo kuanzia mwezi wa sita, kabla mwaka wa masomo haujaanza, na kuandika kila franka katika karatasi. Inaweza pia kuomba mtoto asifukuzwe katikati ya trimestre, bali mzazi aitwe. Mwalimu naye anakula bukari, hilo tunalijua, na shule haiwezi kuishi bila malipo. Lakini shule inayopokea kidogo katika kiangazi itakusanya zaidi kuliko shule inayodai yote wakati wa mvua na kubaki na mabenchi matupu.

La tatu liko kwa komine na shefferie. Code minier ya 2018 imeandika wazi: asilimia 15 ya redevance minière inaenda kwa komine, sekta ao shefferie ambamo madini yanatoka. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na cahier des charges inasema itafanya nini. Makuta haya si zawadi ya mtu. Ni haki ya Dilala, ya Manika, ya Luilu, ya Fungurume. Mkaaji ana haki ya kuuliza: mwaka huu yaliingia ngapi? Yalijenga madarasa mangapi? Shule ya ufundi yenye vyombo iko wapi? Swali hilo liulizwe na wamama wenyewe katika mkutano wa quartier, kabla ya kuulizwa na wanasiasa wakati wa kampeni.

Tutasikia jibu: "Tukule kwanza, masomo itakuya." Anayesema hivyo hasemi uongo, anasema njaa yake. Lakini kobalti ya mwaka huu inapimwa kwa kipimo cha ARECOMS, na shimo la mwaka huu litakauka siku moja kama mengine yalivyokauka. Mashimo haya yakikauka, mtoto aliyebaki darasani ndiye atakayeweza kusoma mkataba atakaopewa, na kukataa kuutia saini ukiwa mbaya. Kiangazi kijacho, basi, siku ya kwanza ya kuuza vizuri, tuanze na ile franka 2 000 ya masomo kabla ya deni lingine lolote.