Gari la babu uani: darasa la familia au hatari kwa watoto?

Katika nyumba nyingi lipo gari ambalo halijauzwa wala haliendi popote. Limefunikwa turubai kando ya banda la kuku, matairi yamelala, na majani yameota hadi usawa wa bampa. Mara nyingi ni Peugeot 404 au 504, Volkswagen ile ya mgongo wa duara, au Land Rover 109. Babu alilinunua enzi za kazi yake, akawapeleka watoto shule kwa gari hilo, na alipofariki hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa.

Siku mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na kutaja bei, mjadala unaanza. Mama anasema limekula nafasi ya kuanikia nguo. Baba anasema ni urithi, na kwamba atalitengeneza mwenyewe kila Jumamosi. Watoto hawaulizwi, ingawa wao ndio wanaolitumia zaidi: ni nyumba yao ya kujificha.

Kila mmoja ana hoja. Gari la zamani linaweza kutengenezwa nyumbani, na kazi hiyo inaweza kumfundisha mtoto mambo ambayo hayapo kwenye simu. Lakini uani si gereji. Gereji wanaingia mafundi. Uani anatambaa mtoto wa mwaka mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza si kama baba anaweza kulitengeneza. Ni kama nyumba nzima iko tayari.

Kwa nini yanatengenezeka

Magari haya yaliundwa kabla ya kompyuta kuingia kwenye injini. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka Ulaya 1969, na baadaye ikaunganishwa pia Kenya na Nigeria. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ilibeba familia na abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi.

Sifa yake ya uimara haikutokana na matangazo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Magari ya 504 yalishinda mwaka 1975 na 1978, katika njia za vumbi na tope za Afrika Mashariki.

Kwa mtu wa kawaida, faida kubwa ni kwamba hitilafu inaonekana kwa macho. Injini ya petroli ikigoma kuwaka, maswali ya kuanzia ni machache: je, petroli inafika kwenye kabureta? Je, plagi inatoa cheche? Je, injini inavuta hewa na kuibana? Kila swali linapimwa kwa vifaa vichache, na mtoto wa darasa la sita anaweza kufuatilia. Hapo ndipo thamani ya kazi hii ilipo: mtoto anajifunza kutafuta chanzo badala ya kubadilisha spea kwa kubahatisha.

Wazazi wakubaliane kwanza

Ugomvi mwingi wa gari la zamani hauanzii kwenye injini, unaanzia kwenye pochi. Gari hili halidaiwi na benki, lakini lina mdomo. Leo linataka betri, kesho rejeta, keshokutwa bomba la breki ambalo halipatikani hadi liagizwe.

Ni vyema baba na mama wakae mezani kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, waamue mambo matatu.

La kwanza ni kiasi cha fedha kwa mwezi, ambacho hakigusi ada, chakula wala bima ya afya. Kikiisha, kazi inasubiri mwezi ujao. Kila kinachonunuliwa kiandikwe kwenye daftari linaloonekana na wote wawili.

La pili ni muda. Mzazi anayeshinda chini ya gari kila Jumamosi na Jumapili, huku mwenzake akibaki na watoto peke yake, hajengi urithi, anajenga kinyongo. Nusu siku kwa wiki inatosha.

La tatu ni mwisho wa kazi. Je, gari litapelekwa barabarani, au litawashwa tu na kutunzwa? Bodi likiwa limeliwa na kutu kwenye sakafu na sehemu zinazoshika springi, fundi bodi aitwe kulikagua kabla ya fedha kuanza kumiminwa kwenye injini. Injini mpya ndani ya bodi lililooza haiwezi kuilinda familia.

Jeki si ya kulalia

Kosa linaloua katika matengenezo ya nyumbani ni kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ikiteleza au mpira wake wa ndani ukivujisha oili, gari linashuka bila onyo.

Gari linyanyuliwe mahali pagumu na tambarare, si kwenye mchanga. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi mbele na nyuma. Kisha gari likalishwe kwenye stendi za chuma zinazohimili uzito wake, na gurudumu la akiba lilazwe chini ya bodi kama kinga ya ziada. Matofali hayafai; tofali hupasuka ghafla.

Mtoto asiingie chini ya gari, hata kuchukua spana iliyodondoka. Sheria hii haina "mara moja tu". Na kazi ya siku ikiisha, gari lishushwe. Gari lililoachwa juu usiku ni mwaliko kwa mtoto wa asubuhi.

Chupa ya soda iliyojaa petroli

Hatari nyingine imefichwa kwenye vyombo. Fundi wa nyumbani hutoa petroli kidogo ya kuoshea kabureta, akaimimina kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Jioni chupa inasahauliwa dirishani. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, anasoma umbo la chupa.

Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe. Mafuta hayo yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa hutokea. Maziwa na mafuta ya kula si dawa. Apelekwe hospitali haraka, pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu ajue alichokunywa.

Watu wazima nao waache kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ni hatari kwao, na mtoto anayetazama ataiga.

Maji ya rejeta yenye dawa ya rangi yana hatari ya pekee. Mengi yana kemikali yenye ladha tamu ambayo huharibu figo, na kiasi kidogo kinaweza kumdhuru mtoto au mbwa. Yakimwagika yafutwe, yasiachwe kwenye beseni. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji hutoka kwa nguvu na kuunguza uso.

Betri ina tindikali, na inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Ichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko. Waya wa hasi utolewe kwanza na urudishwe mwisho. Tindikali ikigusa ngozi au jicho, ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na jicho lionwe na daktari.

Vumbi ambalo halionekani

Mzazi huwa mwepesi kuona moto, lakini vumbi humpita. Magari ya miaka hiyo yalitumia asbesto kwenye bitana za breki na klachi. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto mwaka 1997, lakini spea za zamani bado zimo ndani ya magari na kwenye maboksi ya stoo. Nyuzi zake zikivutwa zinaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo ngoma ya breki isipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Ilowanishwe kwa maji, ifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga na kubadilisha nguo.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi. Madini hayo huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Msasa upigwe kwa maji, barakoa ivaliwe, na watoto wawe mbali hadi vumbi lote lisafishwe.

Injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu na kumuua kabla hajajua kinachotokea.

Mtoto ana nafasi gani?

Makatazo yote haya hayamaanishi mtoto afukuzwe. Mtoto anayefukuzwa kila mara hurudi wakati hakuna mtu.

Wa miaka mitano au sita anaweza kukaa nje ya mstari uliochorwa chini kwa chaki, akatenganisha nati ndogo na kubwa zilizosafishwa kwa sabuni na maji. Wa miaka minane anasoma namba za spana: 10, 11, 13, 17. Anajifunza hesabu bila kuambiwa ni hesabu. Wa miaka kumi na miwili anapiga picha kwa simu kabla kifaa hakijafunguliwa, na kuandika kwenye kila kopo nati zilikotoka. Kijana wa sekondari apime oili, abadilishe plagi na tairi akisimamiwa.

Na wasichana wasiachwe jikoni wakati kaka zao wako kwenye injini. Binti anayejua kubadilisha tairi hatasubiri msaada wa mtu asiyemjua barabarani usiku.

Kila jioni milango na buti vifungwe kwa ufunguo, na ufunguo uwekwe juu. Gari lililosimama juani hupata joto haraka, na mtoto aliyejifungia ndani akicheza anaweza kupoteza maisha huku familia ikidhani yuko kwa jirani.

Kabla ya safari ya kwanza

Injini kuwaka ni furaha, lakini si ruhusa ya kupakia familia. Breki zinatangulia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama; kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga yanaweza kuchemka na pedeli ikazama. Yabadilishwe yote, na mipira ya breki na mabomba vikaguliwe na fundi mwenye uzoefu. Mipira ya petroli iliyokauka na kupasuka ibadilishwe pia, kwani tone moja juu ya injini ya moto linaweza kuwasha gari zima.

Matairi yasihukumiwe kwa kashata zake pekee. Ubavuni mwishoni mwa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kama linang'aa.

Mwisho ni mikanda. Mkanda wa nukta tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, lakini magari mengi yaliyotoka baada ya hapo hayakuwa nao viti vya nyuma. Kumpakata mtoto si kinga. Gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumzuia. Mikanda ifungwe na fundi kwenye sehemu imara ya bodi. Kabla haijafungwa, watoto wasipande, hata kwa safari ya kwenda kanisani, msikitini au harusini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari la zamani ni nyufa tupu zinazozibwa moja baada ya nyingine. Huenda likachukua miaka mitatu kufika barabarani. Huenda lisifike kabisa. Lakini mtoto aliyezoea kumwona baba akisema "hapa tusubiri, mafuta ya breki hayajapatikana" amejifunza kwamba mtu mzima anaweza kutaka kitu sana na bado akangoja kiwe salama. Somo hilo litamfaa siku atakayopewa ufunguo wa gari lolote.