Mzee na Michezo ya Video

Wazee wenzangu hapa Lanham hunicheka kwamba nina mvi na bado nacheza michezo ya video. Nakiri. Pac-Man ilipotoka Japani mwaka 1980 nilikuwa kijana, na nilipofika Marekani robo dola zangu nyingi ziliishia katika mashine ile.

Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Barazani wachezaji ni wawili tu. Waliobaki ni watazamaji, na kelele zote ni zao. Mashine zile nazo zilikuwa hivyo: ukicheza, watu wamekuzunguka. Siku hizi kijana hujifungia chumbani, masikio kayaziba, akicheza na watu asiowaona. Nasi kazi yetu kugonga mlango: "Zima!"

Nami niligonga hivyo miaka miwili, hata mjukuu wangu akawa hanisemeshi. Siku moja nikavuta kiti, nikamwambia, "Nifundishe." Alinifunga vibaya, akacheka mpaka machozi. Sasa kila Jumamosi yeye hunifunga kwenye mashine, mimi humfunga kwenye bao, na nyumba, kichwa na kimbi huvitaja kwa Kiswahili.

Saa za masomo na za kulala ziheshimiwe, hilo halina mjadala. Lakini wazazi wenzangu, msianze kwa kuzima. Vuteni kiti kwanza.

Wasalaam,
Babu yenu, Lanham