Secrets of Kenya: hofu iliyotafsiriwa nusu

Haya jamani, leo si simu wala programu mpya. Ni kitabu cha mchezo. Nivumilieni, tutarudi kwenye kompyuta.

Kinaitwa Secrets of Kenya, kimeandikwa na David Conyers na kutolewa na Chaosium mwaka 2007. Ni nyongeza ya Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotoka Marekani mwaka 1981, uliotokana na hadithi za H. P. Lovecraft. Kwa wasioujua: hakuna skrini. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, kila mwingine ana mhusika wake, na dadu zinaamua. Nyongeza hii inauleta mchezo Kenya ya miaka ya 1920. Nimekipitia harakaharaka, kwa hivyo haya ni maoni ya mwanzo tu.

Kwanza sifa zake. Katika Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu na maarufu cha mchezo huu cha mwaka 1984, Mombasa ni hasa pa kushukia meli na kupandia treni ya Nairobi. Hapa Pwani imekumbukwa. Lamu hata imepata kisa chake, pamoja na paka wake. Nilifurahi kama mtu aliyeona mtaa wao kwenye televisheni.

Tatizo ni kanuni. Kila mhusika ana pointi za akili. Akiona kitu kisicho cha dunia hii, anarusha dadu za kuhesabu hadi 100. Zikizidi pointi zake, anapoteza kadhaa. Akipoteza 5 kwa mpigo, anaweza kurukwa na akili kwa muda.

Tulijaribu Jumamosi usiku hapa Bombolulu. Nikasimulia: mko Mji wa Kale, mwaka 1925, kichochoroni kuna mwanamke mrefu, na chini ya buibui mnaona kwato za punda. Rusheni dadu!

Hakuna aliyerusha. Mmoja akasema, "Mtolee salamu kwanza." Mwingine: "Muulize ataka nini."

Tulicheka sana, lakini walikuwa na haki. Huku jini ana jina, ana kabila, ana lugha yake. Anaogopwa, ndiyo, ila pia anaulizwa, anafukiziwa ubani, anapigiwa ngoma, na mara nyingi mwafaka unapatikana. Katika hadithi za Lovecraft, mtu akigundua hatuko peke yetu duniani anapata wazimu. Pwani hiyo si habari mpya.

Sisi watu wa programu tunalijua kosa hili. Umewahi kuona programu "ya Kiswahili" inayokuandikia saa 7 asubuhi ikimaanisha saa moja? Maneno wametafsiri, saa wameiacha. Kitabu hiki ni hivyo hivyo. Ramani ni yetu, hofu ni ya watu wengine. Na ukicheza kwa hofu ya wengine, mwenyeji anabaki kuwa mandhari tu, na mgeni ndiye mtu.

Je, nisikinunulie marafiki? Nitawanunulia. Kanuni ni ya kubadilishwa, na mimi nimeshaanza. Jini kuonekana tu: hupotezi kitu. Jini kuvunjiwa ahadi: rusha.

Halafu kuna kengele. Hapa karibu, Kengeleni, ingalipo ile ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Ilipigwa kuwaonya watu kuwa wafanyabiashara wa watumwa wanakaribia. Mwaka 1925 daraja la Nyali halikuwapo. La kwanza lilifunguliwa 1931. Basi wahusika wako kisiwani, usiku wa manane, na ng'ambo ya maji kengele inalia. Hakuna aliyeivuta.

Hapo nilipowaambia warushe dadu, hakuna aliyecheka.

Nikimaliza kitabu chote nitawaletea mengine. Usiku mwema :)