Hatuchezi Gitaa, Tunapiga: Albamu Tatu za Jazi

Nianze na aibu yangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa Tanga kwenye harusi ya binamu yangu. Shangazi akaniuliza, "Huko Dubai, ukitoka kusoma unafanya nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Nacheza gitaa, shangazi." Jamvi zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza kama gitaa nalo lina magoli. Shangazi mwenyewe hakucheka, alinirekebisha taratibu tu: "Gitaa hupigwa, mwanangu." Lakini mimi nilikuwa nimeshanywea. Usiku ule wote nilijibu kwa Kiingereza, hata nilipoulizwa kama nataka chai.

Najua wengi wenu mna kisa kama hiki. Sisi ni watoto wa Deira, Sharjah na Ajman. Kiswahili tulikipokea jikoni na kwenye simu za Ijumaa, hatukukisoma darasani. Tunakielewa karibu chote na tunakisema nusu. Ndiyo maana nilipotakiwa kuandika juu ya albamu za jazi ninazozipenda, nimechagua tatu zinazotuhusu sisi hasa. Maoni yangu ni kwamba albamu hizi bado zina kazi, kwa sababu zilitengenezwa na watu waliochukua kitu cha mbali, wakakikosea hapa na pale, na bado wakakifanya chao.

Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn. Ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado inangoja; bendera yake ilipanda Desemba 1961. Weston mwenyewe alikuwa hajakanyaga Afrika. Lakini alikuwa amechoka kusikia kwamba Afrika haina lugha za maana, akataka lugha ya Kiafrika isikike ndani ya muziki wake. Akawauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingefaa kulisemea bara zima. Wakamwambia Kiswahili.

Basi shairi la Langston Hughes likafasiriwa, na msomaji akawa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Sauti yake ndiyo inayofungua albamu. Nyuma yake kuna kundi kubwa: Max Roach na Babatunde Olatunji kwenye ngoma, Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksafoni. Aliyeupanga muziki wote ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa kwenye metro, nikapitiliza kituo changu. Sikutegemea kusikia lugha ya jikoni kwetu ikisimama mbele ya bendi ya namna ile, ikisemwa kwa heshima, na hakuna anayecheka.

Sehemu ya mwisho ya albamu ile inaitwa Kucheza Blues. Hapo shangazi yangu asingekuwa na neno, maana blues huchezwa kweli. Kwa Kiswahili ngoma hupigwa na ngoma huchezwa, lakini aipigaye na aichezaye ni watu wawili tofauti. Lile ndilo somo nililokosa pale Tanga.

Albamu ya pili ni Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyotoka 1971. Wakati huo kijana mmoja mpiga ngoma, James Mtume, aliyekwisha kuwa na jina la Kiswahili, alimpa Hancock jina la Mwandishi, na wenzake kwenye kundi nao wakapata yao. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Billy Hart wa ngoma akawa Jabali. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo. Buster Williams, mpiga besi, akawa Mchezaji.

Mmeliona hilo la mwisho? Besi haichezwi. Nilipolisoma jina lile nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikanyamaza. Kosa langu la Tanga lilikuwa limechapwa kwenye albamu kabla mama yangu hajazaliwa, na mwenye jina alikuwa mmoja wa wapiga besi bora wa zama zake. Pepo nalo ni jina zito. Bibi yangu angesikia mtu anaitwa hivyo angeagiza ubani. Lakini Mganga limekaa sawasawa, kwa sababu Henderson alisomea udaktari kweli, na Tanzania mpaka leo daktari mkuu wa serikali huitwa Mganga Mkuu.

Muziki wenyewe si rahisi. Albamu ina vipande vitatu tu, na cha mwisho kinajaza upande mzima wa pili wa santuri. Kipande cha kwanza, walichomtungia Angela Davis aliyekuwa kizuizini, mapigo yake huhesabiwa 15 kwa mzunguko. Ukikisikiliza huku unaandika kazi ya darasani utapotea. Kisikilizeni mkiwa mmekaa, taa zimezimwa, na mfuateni Mchezaji. Besi yake inarudia neno moja mpaka unalizoea, na wengine wote wanatembea juu yake.

Albamu ya tatu inatoka nyumbani. Ni Ukumbusho, mfululizo wa santuri za nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro, aliyepiga gitaa la solo na kuimba kwenye Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Baba yangu ana nyimbo hizi kwenye kanda iliyokwisha kukwaruzika, na huipiga garini tukipeleka mizigo Deira kwa ajili ya meli. Nilipokuwa na miaka 15 nilimwambia, "Baba, hii si jazi." Akanijibu, "Waambie watu wa Morogoro."

Alikuwa na haki. Tangu miaka ya 1930 jina la jazi lilikuwa limeshafika Dar es Salaam, na lilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na huko Kinshasa OK Jazz ya Franco: ukizisikiliza, nyingi ziko karibu na rumba ya Kuba kuliko New York. Walilichukua jina, wakalijaza mambo yao. Wimbo ulikatwa mara mbili ili uenee kwenye sahani ndogo: upande wa kwanza maneno, polepole, mtu anaeleza shida zake, ukigeuza, unakuta chemko, magitaa yanajibizana na watu wanainuka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, na sidhani kama kuna aliyewauliza cheti cha jazi.

Kwa hiyo Wamarekani walichukua majina yetu, na sisi tukachukua jina lao, na pande zote mbili zilikosea kidogo.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Mwenzetu mmoja aliniambia kwamba mababu wa akina Weston wengi walitoka Afrika Magharibi, hivyo Kiswahili hakikuwa lugha yao hata kidogo. Zaidi ya hapo, katika karne ya 19 lugha hii ilisafiri kwenda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Ni kweli, na katika chumba chetu cha mikutano wamo ambao mababu zao waliiongoza misafara ile na wamo ambao mababu zao waliifuata wakiwa wamefungwa minyororo. Hatupendi kulizungumza. Lakini nadhani pingamizi hili linaongeza uzito wa walichofanya wanamuziki wale. Lugha ya mababu zao ilikatwa, hakuna bibi aliyebaki wa kuwafundisha. Wakatafuta lugha ambayo watu wa makabila mengi walikuwa wameshaitumia kudai uhuru, wakaikubali pamoja na historia yake. Sisi bibi tunaye. Anapiga simu kila Ijumaa. Na tunamjibu kwa Kiingereza kwa kuogopa ngeli.

Sisemi makosa yaachwe. Shangazi alinirekebisha na leo sikosei tena. Ninachopinga ni kile kicheko kinachotangulia, na ninakisikia hata katika chama chetu, hasa kutoka kwa wale waliosoma shule Dar au Mombasa wakija kwetu sisi tuliosoma hapa. Mwanachama mmoja aliacha kuja muhula uliopita baada ya kusema "kitabu yangu" mbele ya watu. Hakuna aliyemtukana. Walicheka tu.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, tuwe na usiku mmoja wa kusikiliza kila muhula, albamu moja nzima bila kuzungumza, halafu majadiliano kwa Kiswahili kitakachokuwepo. Tuanze na Uhuru Afrika. Pili, marekebisho yafanywe kama alivyofanya shangazi: kwa sauti ya chini, baada ya mtu kumaliza sentensi yake. Atakayecheka kabla ya hapo alete sambusa za mkutano unaofuata.

Yule mwenzetu nimeshampigia simu. Amesema atafikiria. Mimi nitaleta spika, kanda ya baba na kitu cha kuichezea. Gitaa pia nitalileta, na nitalipiga.