Wanyonge wa Kikapu Waliowaangusha Vigogo

Mpira wa kikapu ulizaliwa chuoni. Mwaka 1891, James Naismith, mwalimu wa chuo kimoja cha Springfield, Marekani, alitundika vikapu viwili vya matunda ili vijana wapate mazoezi ndani ya nyumba wakati wa baridi kali.

Nchini Uganda nako, mchezo huo umelelewa shuleni na vyuoni. Makerere, K.I.U. ya Kansanga na U.C.U. ya Mukono zimeingiza timu za wanafunzi katika ligi ya taifa, zikipambana na vilabu vya watu wazima.

Timu ya taifa, Silverbacks, nayo ilihesabiwa miongoni mwa wanyonge. Ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2015, nchini Tunisia. Ubingwa ukachukuliwa na Nigeria. Vijana hawakukata tamaa. Walirudi mwaka 2017, kisha 2021 mjini Kigali, wakiwa pamoja na Ishmail Wainright aliyechezea Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani. Huko waliishinda Nigeria hiyo hiyo 80 kwa 68, wakaingia robo fainali, ambako Cape Verde iliwazuia.

Ndugu mzazi, ushindi huo haukupatikana kwa siku moja. Kijana anayerusha mpira jioni asikaripiwe bure. Apangiwe saa ya masomo na saa ya mchezo, naye azitii zote mbili kama askari anavyotii zamu yake. Haba na haba hujaza kibaba.